Jalada Linapolala



Kuna swali ambalo sisi wanawake tunaoishi hapa Uingereza huulizana kwa sauti ya chini, jikoni, wakati wa arusi au matanga, watoto wakishatoka: "Ile kesi ya yule binti iliishia wapi?" Na jibu, mara nyingi, ni lile lile: "Wanasema bado wanachunguza." Mwaka unapita, wa pili unaingia, bado wanachunguza. Mwishowe hakuna anayeuliza tena. Binti amehama mji, mtuhumiwa tunakutana naye dukani akinunua unga, na watu wanajiamulia wenyewe kwamba kama kweli lingekuwapo jambo, polisi wangeliona.

Uamuzi huo wa mtaani ndio uliotufanya tushike kalamu. Tunataka kusema jambo moja tu, na kulithibitisha: uchunguzi wa ubakaji ukikwama, mara nyingi si kwa sababu ushahidi haukuwapo. Hukwama kwa sababu ushahidi ulikuwapo na haukuguswa, au uliguswa umeshapoa, au kwa sababu aliyechunguzwa alikuwa mlalamikaji badala ya mtuhumiwa. Kimya cha jalada si hukumu. Hakimsafishi mtu wala hakimfanyi mwanamke kuwa mwongo.

Sisi ni wanawake wachache tu. Wengine tumetoka Mombasa na Lamu, wengine Unguja na Dar es Salaam, na mmoja wetu ni wa Bukavu. Hatuna ofisi wala mshahara. Kazi yetu ni kumsindikiza mtu: kukaa naye kituoni, kumshikia mtoto, kumsomea barua, kumkumbusha tarehe. Kwa hiyo tutakayoyasema tumeyaona kwa macho, ingawa hatutataja jina la mtu, la mji wala la kituo. Mmoja tuliyemsindikiza kwa muda mrefu zaidi tutamwita Mwenzetu.

Tuanze na maneno, maana jalada huanza na maneno. Kiswahili chetu ni lugha ya sitara. Mwanamke aliyelelewa vizuri hatamki neno "kubaka" mbele ya mtu mzima asiyemjua. Atasema "alinifanyia ubaya", "aliniharibu", "alinivunjia heshima". Mwenzetu siku ya kwanza alisema, "Aliniingilia." Mtu wa pwani akisikia neno hilo haulizi mara mbili, anajua ni kitendo gani. Lakini mkalimani aliyekuwa kwenye simu alizoea Kiswahili cha kwingine, akalielewa kwa maana ya kuingia mlangoni. Ikaandikwa kwa Kiingereza kwamba mtu yule aliingia chumbani mwake bila ruhusa. Wiki tatu baadaye, kwa mkalimani mwingine na baada ya kulia sana, jambo lote likatoka wazi.

Sasa jalada likawa na maelezo mawili. Anayelisoma juu juu anaona mwanamke aliyebadilisha maneno yake, mara mtu aliingia tu, mara alimbaka. Hakuna aliyerudi kumuuliza yule mkalimani wa kwanza neno lenyewe lilikuwa lipi. Hivyo kesi ilianza kusinzia kabla mtuhumiwa hajaulizwa hata jina.

Na hata bila mkalimani, maelezo ya mtu aliyepatwa na kishindo hayaji kwa mpango. Atakumbuka harufu ya sabuni na kusahau saa. Atasema hakupiga kelele, kwa sababu mwili uliganda. Mpelelezi aliyefunzwa anajua kwamba hayo ni ya kawaida. Asiyefunzwa anaandika pembeni: maelezo hayaeleweki.

Baada ya maneno, jalada hupita mikononi mwa watu. Mpelelezi wa Mwenzetu alibadilika mara tatu. Wa kwanza alihamishwa, wa pili aliugua, wa tatu alipokea jalada pamoja na mengine mengi. Kila mmoja alianza kwa upole, "Mimi ndiye mpya, naomba unieleze tangu mwanzo." Upole wao hatuukatai. Lakini kueleza tangu mwanzo mara tatu ni kama kufungua kidonda mara tatu ili mtu mwingine akione. Wengi huishia hapo. Huacha kupokea simu, na jalada hufungwa kwa maneno "mlalamikaji hakutaka kuendelea". Maneno hayo hayasemi alichoshwa na nani.

Kisha ikaja habari ya simu. Simu ya Mwenzetu ilichukuliwa siku ile ile ya kwanza, ikakaa kwao miezi saba. Ndani yake mlikuwa na picha za watoto, sauti za mama yake aliye nyumbani, na barua zake za uhamiaji. Simu ya mtuhumiwa ilichukuliwa miezi mitatu baadaye. Hebu tujiulize: kati ya wawili hao, ni nani aliyekuwa akichunguzwa?

Tuseme kwa haki kwamba simu si jambo la mzaha. Mwishoni mwa mwaka 2017 kesi moja ya London ilivunjika mahakamani kwa sababu ujumbe wa simu uliomsaidia mshtakiwa haukupewa mawakili wake mapema. Kijana yule alikuwa ameishi chini ya tuhuma karibu miaka miwili. Mtuhumiwa naye ni mwana wa mtu, na uchunguzi mbovu humwonea yeye pia. Ila baada ya kesi ile, mlalamikaji ndiye aliyebebeshwa mzigo. Mwaka 2019 polisi wa Uingereza na Wales walitoa fomu za kuwaomba walalamikaji ruhusa ya kupekua simu zao, na waliokataa walionywa kwamba kesi huenda isiendelee. Fomu hizo ziliondolewa mwaka 2020 baada ya malalamiko mengi, na sheria ya mwaka 2022 ikaweka masharti: polisi waombe kile tu kinachohusu uchunguzi, na mtu asilazimishwe kukubali.

Labda msomaji atasema, haya ni ya mwanamke mmoja aliyekosa bahati. Basi twendeni mahali ambapo majalada yaliyolala yalihesabiwa, yaani Detroit, Marekani. Mwaka 2009, katika ghala la polisi wa mji huo, walikuta visanduku vya vipimo zaidi ya 11,000. Kila kisanduku ni mwanamke, msichana au mtoto aliyekubali kulala juu ya kitanda cha hospitali saa kadhaa, akapimwa, akachukuliwa nywele, ute na nguo, akiamini vinakwenda maabara. Havikwenda. Vilipangwa rafuni, vingine kwa miaka mingi. Kym Worthy, mwendesha mashtaka wa wilaya ya Wayne, alishikilia kwamba vyote vipimwe, hata ikibidi fedha zichangwe na watu. Vilipopimwa, vinasaba vilionyesha watuhumiwa zaidi ya 800 waliohusishwa na mashambulizi zaidi ya moja, na baadhi yao walikuwa wameacha alama katika majimbo mengine.

Kwa nini visanduku vile vililala? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, wakiongozwa na Rebecca Campbell, walilichunguza swali hilo na kutoa ripoti mwaka 2015. Walikuta uhaba wa fedha na watu, ndiyo. Lakini walikuta pia kwamba polisi waliandika kwenye majalada kwamba wanawake wale ni waongo, au ni makahaba, au walijitakia, na wakaacha kuchunguza. Hiyo maana yake ni kwamba mtu alihukumiwa kabla kisanduku chake hakijafunguliwa. Ukosefu wa fedha unaeleza kwa nini si vyote vilivyopimwa. Dharau ndiyo inayoeleza ni vya nani vilivyoachwa.

Karibu na sisi, London yenyewe ina somo lake. John Worboys alikuwa dereva wa teksi nyeusi. Alikuwa akiwaambia abiria wanawake kwamba ameshinda fedha nyingi, akiwapa kinywaji washerehekee pamoja, na kinywaji kilikuwa na dawa. Mwanamke mmoja alifika kituoni mwaka 2003 usiku ule ule, na mapokezi hayakuandika majina wala namba ya gari. Mwingine aliripoti Julai 2007. Worboys alikamatwa, akahojiwa, akaachiwa. Nyumba yake haikupekuliwa, na picha za kamera za barabarani hazikukusanywa. Aliendelea na kazi yake hadi mwaka 2008, na mwaka 2009 akahukumiwa kwa makosa 19 dhidi ya wanawake 12. Polisi wenyewe waliamini kwamba walioshambuliwa walipita 100. Tuhesabu wenyewe ni wangapi waliopanda teksi ile baada ya Julai 2007.

Wanawake wale wawili hawakunyamaza. Waliwashtaki polisi, na tarehe 21 Februari 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba kutochunguza ipasavyo uhalifu mzito wa namna hii ni kuvunja haki ya binadamu, ile inayomlinda mtu asitendewe unyama. Uzembe wa kupuuza taarifa, kama ni mkubwa, haubaki kuwa uzembe wa kazini tu.

Wengi wetu hatukujua kwamba uamuzi kama huo ulikuwa umeshatolewa kwetu Afrika Mashariki miaka karibu mitano kabla. Kule Meru, Kenya, wasichana waliobakwa walikwenda polisi, na polisi hawakuchunguza. Sheria ya Makosa ya Kingono ilikuwapo tangu mwaka 2006, nzuri na kali, lakini sheria haiandiki maelezo ya shahidi wala haipandi gari kwenda mahali tukio lilipotokea. Wasichana 11 walikwenda Mahakama Kuu. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji Makau aliamua kwamba polisi kushindwa kufanya uchunguzi wa haraka na wa kitaalamu kuliwavunjia haki zao za katiba, na akaamuru uchunguzi ufanywe. Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua mambo ya namna hiyo kuhusu baadhi ya waliobakwa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa mwaka 2007. Walikuwa wamesubiri karibu miaka 13.

Tunayataja haya kwa sababu wengi wetu tulikuja huku tukiwa na kumbukumbu ya vituo vya nyumbani. Tunaijua fomu ya P3 ya Kenya na PF3 ya Tanzania, na safari kati ya kituo na hospitali hali mtu anavuja damu. Tunajua pia kauli ya "njooni mmalizane kifamilia". Mwanamke aliyekulia hapo, akiambiwa Uingereza asubiri miezi saba, hashangai wala hapigi simu kuuliza. Ananyamaza, akidhani ndiyo desturi ya polisi duniani kote. Na jalada lisiloulizwa ndilo la kwanza kulala.

Sasa tujitazame na sisi wenyewe. Si kila jalada hulazwa na polisi; mengine tunayalaza sisi. Mtuhumiwa wa Mwenzetu hakuwa mgeni wa gizani. Alikuwa mtu wa jamaa, aliyekaribishwa chai. Ndivyo ilivyo mara nyingi, mbakaji ni mtu anayejulikana. Kabla wiki haijaisha, wazee walikuwa wamekwisha kukaa, shangazi amepiga simu kutoka nyumbani, na mtu akataja fidia na suluhu. "Mwanangu, yaliyopita si ndwele. Utamfunga ndugu yako kwa wazungu?" Wawili waliokuwa wameahidi kutoa maelezo wakasema hawakumbuki. Hatusemi wazee wale walikuwa wabaya. Walitaka kuficha aibu. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai. Aibu iliyofichwa pale haikuwa ya Mwenzetu. Ilikuwa ya mwanaume, na aliyelipa gharama za kuificha ni mwanamke.

Na kuna hofu ya viza. Mwanamke ambaye ukaazi wake unategemea mume, au ambaye muda wake umekwisha, anaogopa kwamba akifungua mlango wa polisi atakutana na uhamiaji nyuma yake. Hofu hiyo si uvumi. Desemba 2018 mashirika ya Liberty na Southall Black Sisters yaliwasilisha malalamiko rasmi kuhusu polisi kupeleka habari za walalamikaji kwa uhamiaji, na Desemba 2020 wakaguzi wakakubali kwamba jambo hilo linaleta madhara makubwa. Kila mwenye nia mbaya anajua hofu hii ipo, na huitumia: "Nenda ukaripoti, uone utakavyorudishwa." Ndiyo maana tunasema mtu aliye katika hali hiyo aonane kwanza na mwanasheria au shirika la wanawake, asikae peke yake na tishio.

Kwa Uingereza na Wales hesabu yenyewe inasikitisha. Mwaka wa 2015/16 waendesha mashtaka walipeleka mahakamani kesi za ubakaji 4,643. Mwaka wa 2019/20 zilikuwa 2,102, na katika mwaka huo huo polisi waliandikisha taarifa za ubakaji zaidi ya 55,000. Taarifa nyingi, kesi chache. Juni 2021 serikali ilikiri katika ripoti yake kwamba wahanga wameangushwa, na mawaziri wakaomba radhi.

Baadaye kukaja jambo la kutia moyo kidogo. Mpango ulioitwa Soteria, ulioanzia kwa polisi wa Avon na Somerset, uligeuza swali. Mpelelezi anatakiwa aanze na mwenendo wa mtuhumiwa: alipanga nini, alimtenga vipi mwanamke, alifanya nini kuhakikisha amekubaliwa. Sheria ya mwaka 2003 yenyewe inasema ridhaa ni mtu kukubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Katika kesi ya watu wanaojuana, vinasaba peke yake havimalizi ubishi, kwa kuwa mwanaume atasema walikubaliana. Hapo ndipo kazi ya upelelezi inapohitajika zaidi, na ndipo huko nyuma ilipoachwa mapema zaidi. Julai 2023 mpango huo ulitolewa uwe mwongozo wa polisi wote wa Uingereza na Wales. Kama utafuatwa kila kituo, tutaona.

Mwenzetu alipata barua baada ya miezi ishirini: hakuna hatua zaidi. Mistari michache tu. Tuliisoma naye mara mbili, kisha tukamweleza kwamba uamuzi wa kutomshtaki mtu unaweza kuombewa mapitio, na haihitaji wakili wala ada. Akaomba. Aliyelipitia jalada aliona lile neno "aliniingilia", akaona pia kwamba jirani wa ghorofa ya chini, aliyesikia kilio usiku ule na kutajwa tangu maelezo ya kwanza, hakuwahi kuulizwa kitu. Jirani alikuwa amehama, lakini hakuwa amekufa. Alitafutwa, akapatikana, akaongea. Tunapoandika haya, jalada liko kwa waendesha mashtaka. Hatujui wataamua nini, na mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho. Ila miezi ishirini shahidi yule alikuwa hai, ana simu, na anakumbuka.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tuyaweke haya akilini, kwa ajili ya binti, dada, au hata kijana wa kiume, maana nao hupatwa.

Anaweza kwenda kituo maalumu cha afya cha waliobakwa hata kama hajaamua kuripoti. Vipimo vikichukuliwa mapema, hasa ndani ya siku 7, vinaweza kuhifadhiwa mpaka aamue. Nguo asizifue. Aombe mkalimani wa Kiswahili cha kwao, na kama ni mwanamke anayemtaka, aseme. Kupata mkalimani ni haki iliyoandikwa. Maelezo yake asomewe tena kwa Kiswahili kabla hajatia sahihi, na neno lenyewe alilotumia liandikwe kama alivyolisema. Aombe mshauri wa kujitegemea wa waliobakwa, ambaye si polisi. Jina lake halitatangazwa. Sheria ya hapa inalilinda maisha yake yote.

Kisha kuwe na daftari. Tarehe, jina la mpelelezi, namba ya jalada, walichoahidi, na siku waliyoahidi. Siku hiyo ikipita, apige simu, au mmoja wetu apige naye. Jalada likifungwa, aulize kwa maandishi ni kwa nini, na aombe mapitio, kwa kawaida ndani ya miezi 3.

Na kwa sisi tuliobaki, wazee, majirani, na marafiki wa pande zote mbili, linatakiwa jambo dogo zaidi na gumu zaidi: tuliyoyasikia tuyaseme polisi, hata kama aliyetajwa ni wa kwetu. Kama hana kosa, ukweli utamsaidia yeye pia. Na tukikutana arusini tukaulizana kesi ile iliishia wapi, tusijibu kwa kukisia. Tumuulize mwenyewe kama anahitaji mtu wa kwenda naye.

Wasalaam.